Meno ya Mpingo

Ukoo wa Kibwana na ukoo wa Dadi walikuwa watani tangu enzi ambazo hata wazee waliozisimulia hawakuwa wamezaliwa. Utani huo ulikuwa na sheria, na sheria zake zilikuwa kali kuliko za boma la Wadachi pale Morogoro mjini. Mtani hakasirikiwi. Mtani akikuita nguruwe mbele ya wakwe zako, unacheka. Akiingia uani kwako akachukua jogoo, unamuuliza kama anahitaji na chumvi. Na siku ukifa, mtani ndiye anayetangulia kushuka kaburini mwako, anajilaza humo, anaigiza ulivyokuwa ukitembea na kukohoa, na hatoki mpaka wafiwa wacheke na kumpa kitu. Sheria zote hizo Kibwana alizishika kwa uchaji mkubwa. Kama kucheka kungekuwa sala, yeye angekuwa imamu.

Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao, juu kidogo ya Bigwa, pale mto unaposhuka kutoka Uluguru ukiwa bado na hasira ya mlimani. Dadi alikuwa seremala. Kazi ya Kibwana ilikuwa kupaka mashine mafuta. Mwenye kiwanda alikuwa Mdachi mwenye jina refu na gumu kama gogo la mvule, ambalo hakuna kinywa kilichowahi kulipasua mpaka mwisho. Watu walimwita Bwana Zaidi, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilojifunza kabla ya mengine yote, na aliona linatosha.

Kiwanda kiliendeshwa na mto. Maji yaliangukia gurudumu kubwa la nje, nalo lilizungusha mti mnene ulioingia mpaka ndani ya banda. Ndani, kwenye mti huohuo, lilifungwa gurudumu jingine la mbao, refu kuliko mtu, lenye meno ya mbao kuzunguka ukingo wake wote. Hilo watu waliliita Mama. Meno ya Mama yaliumana na meno ya gurudumu dogo la chuma lililoitwa Mtoto. Mama alizunguka taratibu, kwa heshima ya mke wa kadhi aendaye harusini, na Mtoto akazunguka mbio kama mwendawazimu, akizungusha msumeno. Gogo likikwama, jino la Mama lilivunjika, msumeno ukasimama, watu wakakaa chini kutafuna mua. Dadi alichonga jino jingine la mninga, akalipigilia kabari, na Kibwana akamwimbia matusi ya kumtia moyo. Hakuna aliyeumia. Jino la mninga lilikubali kuvunjika ili vitu vingine visivunjike, lakini fadhila hiyo hakuna aliyeiona, kama ilivyo kwa fadhila nyingi.

Kisha kikaja kiangazi ambacho mto ulikonda mpaka watoto wakawa wanauruka. Bwana Zaidi alitembea ukingoni akiutazama kama mtu anayetazama mfanyakazi mvivu, lakini mto haukuweza kuchapwa. Akateremka mjini, akanunua mashine ya mvuke iliyokuwa imefanya kazi kwa wajenzi wa reli. Ililetwa kwa treni, halafu vibarua wakaivuta kwa kamba kutoka stesheni hadi Bigwa, wakiimba nyimbo ambazo, kwa bahati njema, Bwana Zaidi hakuzielewa. Ilikuwa na tumbo jeusi, bomba refu na mlio wa kukoroma. Watu waliiita Birika. Kibwana akaongezewa kazi ya kulichochea moto.

Birika lilikuwa na nguvu ambazo mto ule haukuwahi kuziota, hata wakati wa masika. Mkanda mpana wa ngozi ulitoka kwenye Birika ukazungushwa kwenye mti wa Mama, mvuke ukafunguliwa, na meno ya Mama yakapukutika kama ya mzee aliyeuma mfupa. Dadi akayarudishia. Yakapukutika tena. Safari ya tatu Bwana Zaidi akasema kwamba fundi anaharibu kazi kwa makusudi, akampeleka bomani, na huko Dadi akapewa hamsa ishirini, ile hesabu ya viboko ambayo nchi nzima iliijua, hata wasiojua kuhesabu.

Alirudi amebebwa. Alilala kifudifudi siku nyingi, huku mkewe, Mwaisha, akimkanda mgongo kwa maji ya moto na majani. Kibwana alikwenda kumtazama na, kama sheria ilivyoagiza, akamcheka.

"Mtani, mgongo wako sasa una mistari kama kanga. Nitakununulia na mwenzake."

"Ngoja nipone," Dadi akajibu na uso wake ukiwa ndani ya mkeka. "Nitakuoa wewe."

"Usipone haraka. Ile kofia yako ya darizi naihitaji. Siku ya kukuzika nitaivaa mimi."

"Utaivaa na kichwa kipi? Hicho ulichonacho ni boga."

Mwaisha hakucheka, wala hakutakiwa kucheka. Watu wake walitoka upande wa Mgeta, na ukoo wao haukuwa na utani na ukoo wa Kibwana. Kati ya wawili hao kulikuwa na adabu tupu. Kila mchana alipopeleka chakula cha mumewe kiwandani, njia ilimpitisha kwenye Birika kwanza. Alisimama, akamsalimu Kibwana kwa heshima, akamwachia tonge la ugali na mlenda, akapita. "Ahsante, shemeji," Kibwana alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno pekee ya siku nzima aliyoyasema bila kuyachezea.

Dadi alipoweza kusimama, aliteremka porini upande wa Kingolwira akarudi na magogo ya mpingo. Mpingo ni mti ambao shoka huuomba radhi. Alichonga kwa siku nyingi, patasi zikivunjika, mikono ikitoa damu, naye hakupumzika, kwani alijua kwamba kila jino litakalovunjika litakuwa na bei mgongoni mwake. Meno yakatoka meusi, yanang'aa, yamekaa sawasawa kama safu ya sala. Bwana Zaidi alipoona mkanda unateleza, akamwamuru Kibwana aupake ulimbo ule wa kunasia ndege. Kibwana akaupaka. Tangu hapo mkanda haukuteleza, na meno hayakuvunjika. Gogo likikwama, Birika lilinguruma, banda zima likatetemeka, vumbi likaanguka kutoka kwenye makuti, na gogo likapasuka likitaka lisitake.

"Zaidi," alisema Bwana Zaidi, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Dadi naye alitabasamu. Alipewa kazi ya kusimama kando ya magurudumu mchana kutwa, nyundo mkononi, akisikiliza kabari iliyolegea. Alisimama pale kifua mbele kama askari wa bendera.

Kibwana ndiye aliyeuona ufa. Hakuuona kwa akili nyingi, aliuona kwa kupangusa. Kila asubuhi alipangusa Mtoto kwa tambara mpaka akang'aa, na kila ilipofika adhuhuri kulikuwa na mstari mwembamba wa mafuta, mwembamba kama unywele, uliotoka katikati ya chuma ukapanda mpaka kwenye shina la jino. Akapangusa. Mafuta yakatokeza tena palepale, kama jasho la mtu mwenye homa. Siku zilivyopita mstari ukarefuka. Akamgonga Mtoto kwa kipini cha bisibisi. Zamani Mtoto alilia kama kengele ya misheni. Sasa alitoa sauti ya sufuria lililotoboka.

Mtoto alikuwa ameundwa Ulaya kwa ajili ya nguvu za mto. Mto ulikuwa umemsukuma, na jino la mninga lilikuwa limemlinda. Sasa alikuwa amefungwa kati ya Birika lisilochoka na meno yasiyovunjika, naye ndiye aliyekuwa akichoka. Mahali ambapo angepasukia, usawa wa kifua, ndipo aliposimama Dadi.

Kibwana alimwendea wakati Birika limepumzishwa.

"Dadi, njoo utazame. Mtoto ana ufa."

"Na baba yako ana mkia."

"Nasema kweli. Inama hapa, tazama huu mstari."

"Niiname?" Dadi akaruka nyuma, akashika mti wa banda. "Mara ya mwisho uliniinamisha kutazama kambale, nikatoka mtoni na matope masikioni mpaka Ijumaa."

"Leo sikusukumi. Wallahi."

"Ameapa!" Dadi akapaza sauti kwa vibarua waliokuwa wakipanga mbao. "Jamani njooni, mtani kaapa! Mwezi utaanguka leo!"

Vibarua wakaja. Kibwana akajitahidi kukunja uso ili aaminike, na hapo ndipo alipoharibu kila kitu. Uso wa Kibwana uliokunjamana ulikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na wote waliafikiana kwamba ndicho kichekesho bora alichopata kukibuni. Kibarua mmoja alikaa chini kabisa, akishika mbavu.

"Chuma kitapasuka, Dadi. Kitakuua."

"Halafu uvae kofia yangu! Nilijua. Meno yangu yamekunyima usingizi, ulizoea kuniona nimelala kifudifudi."

"Mungu anakuona."

"Anakuona na wewe pia, na macho yake yamechoka."

Kibwana akafungua mdomo, na kwa kuwa mtani hapaswi kubaki bila jibu, jibu likatoka lenyewe, kitu fulani kuhusu pua ya Dadi. Watu wakapiga makofi. Alirudi kwenye Birika akiwa ameshinda, na hakuwahi kushindwa vile.

Angeweza kumwambia Bwana Zaidi. Alilifikiria hilo, mgongo wake ukamkatalia. Kwa Bwana Zaidi kitu hakikuharibika. Kiliharibiwa, na palikuwa na mtu wa kupelekwa bomani. Kama Mtoto ana ufa, nani kampasua? Fundi aliyemtia Mama meno ya mpingo. Kibwana hakutaka kumwokoa rafiki yake kutoka kwenye chuma akamkabidhi kwa kiboko.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, alipanda mlimani hadi Towero kwa mjomba wa Dadi, Mzee Yunusi. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtu. Mjomba akisema shuka, unashuka. Akisema acha kazi ya Mdachi, unaiacha. Ni kweli kwamba Mzee Yunusi alikuwa wa ukoo uleule wa Dadi na kwa hiyo alikuwa mtani vilevile, lakini Kibwana alitumaini kwamba mvi zinapunguza utani kama zinavyopunguza mbio.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mla mizoga. Leo umekuja kuchukua kuku yupi?"

"Leo sikuja kwa ajili ya kuku."

"Basi u mgonjwa. Kaa."

Kibwana akakaa, akaeleza yote: Mama, Mtoto, mkanda, ulimbo, ule mstari wa mafuta. Mzee Yunusi alisikiliza bila kupepesa. Hata ugoro aliokuwa ameuweka kiganjani hakuunusa. Matumaini yakampanda Kibwana kifuani. Alipomaliza, mzee alitikisa kichwa, midomo ikaanza kumcheza, kisha akacheka mpaka ugoro wote ukamwagika na mkewe akaja kumpigapiga mgongo.

"Baba yako," alisema alipopata pumzi, "aliwahi kunitoa msikitini na kiatu kimoja, akiniambia paa linaanguka. Nikasema hatatokea mwingine. Lakini wewe umemshinda, mwanangu. Mafuta yanatoka ndani ya chuma! Chukua mkungu huu wa ndizi, umeustahili."

Kibwana aliteremka na mkungu begani. Zilikuwa ndizi nzuri.

Akabaki Severini, karani wa kiwanda. Severini alisoma kwa mapadri, alivaa koti hata kwenye joto, na alikuwa ametangaza kwamba dini yake mpya imemtoa katika utani wote wa Waluguru. Tangu hapo hakuna aliyemtania, na ukweli ni kwamba hakuna aliyesikitika. Lakini neno la Severini lilikuwa neno, halikuwa kicheko. Akimwambia Dadi kuna ufa, Dadi ataamini kuna ufa.

"Mwambie Dadi peke yake," Kibwana alimsihi nyuma ya ghala. "Mwambie asisimame pale. Bwana usimwambie."

"Nimekusikia," Severini akasema.

Alikuwa amemsikia. Lakini usiku ule Severini alifikiri juu ya koti lake na mgongo uliokuwa ndani yake. Kama chuma kitapasuka, na ikajulikana kwamba karani alijua akanyamaza, ataulizwa nani? Asubuhi na mapema alisimama mbele ya Bwana Zaidi, visigino pamoja, akasema kwamba kuna uvumi miongoni mwa vibarua kwamba gurudumu la chuma halitahimili nguvu za mashine. Kumlaumu ni rahisi. Watu wengi waliomlaumu baadaye wangefanya vivyo hivyo, na bila koti.

Kibwana hakujua lolote. Alichojua ni kwamba Severini alikuja mbio akisema Bwana anakuja kukagua, kila mtu asafishe kitu chake. Kibwana akasafisha. Alimsugua Mtoto kwa tambara na mchanga laini mpaka ungeweza kujitazama ndani yake.

Bwana Zaidi akaingia, akavua miwani, akamtazama Mtoto juu na chini. Akapitisha kidole. Chuma cha Ulaya, kikavu, safi, hakina hata doa. Akawageukia watu, akatamka maneno mengi kuliko aliyowahi kuyatamka kwa siku moja, naye Severini akayafasiri: chuma hiki hakina kasoro, kama kuna kilicho dhaifu, ni mbao za huyu fundi, leo litapasuliwa gogo kubwa kuliko yote kiwandani, kwa mvuke wote, na fundi atasimama palepale aonyeshe kama kazi yake ni ya kuaminika.

"Ni ya kuaminika, Bwana," alisema Dadi. Alivuta kofia yake ya darizi ikakaa vizuri, akashika nyundo, akasimama mahali pake. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, jambo ambalo kwa mgongo ule halikuwa dogo.

Kibwana akajua Severini alikuwa amemwambia nani, akaenda kwenye Birika. Alitupia kuni mbichi ili moto ufuke moshi. Moshi ukajaa, na mshale wa saa ya Birika, ile ya kupimia mvuke yenye mshale mmoja tu, ukagoma kupanda. Bwana Zaidi akaja, akanusa, akamsukuma kando kwa goti. Akatupia mwenyewe kuni kavu za mgunga, moja baada ya nyingine. Mshale ukapanda. Ukafika mstari mwekundu, ukatulia juu yake ukitetemeka.

"Zaidi," alisema.

Gogo la mvule likasukumwa kwenye msumeno. Lilikuwa na fundo katikati, fundo la mti wa miaka mingi, na msumeno ulipolifikia ulipiga kelele na kulemewa. Zamani, hapo, jino lingevunjika. Zamani mkanda ungeteleza. Banda likatetemeka, vumbi likamwagika.

"Dadi!" Kibwana akapiga kelele kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Toka hapo! Toka, nakuomba!"

Dadi akageuza kichwa. Alikuwa anacheka, meno yote nje.

"Kofia huipati leo, mtani!"

Mtoto akapasuka.

Ulikuwa mlio mmoja mfupi. Kipande cha chuma, ukubwa wa ngumi mbili, kilipita kifuani mwa Dadi kikatokea kwenye ukuta wa miti upande wa pili, na baadaye watoto walikiokota mtoni. Msumeno ulizunguka kidogo peke yake, ukapunguza mwendo, ukasimama. Mama naye aliendelea kuzunguka bila kuuma kitu, taratibu, kwa heshima zake zote, mpaka mtu mmoja alipokumbuka kufunga mvuke.

Bwana Zaidi aliingia bandani. Alimtazama aliyelala, halafu akainama, akakagua meno ya mpingo, moja moja, akiyagusa. Hakuna lililovunjika. Hakuna hata lililolegea. Alimwambia Severini aandike kwa wakala wa Dar es Salaam walete gurudumu jingine la chuma, nene zaidi, na kwamba Mama asiguswe, kwani kazi yake ilikuwa nzuri.

Mwaisha alikuwa njiani na sufuria aliposikia mlio ule. Alifika kwenye Birika kama kila siku, akakuta hapana mtu wa kumsalimu.

Walimzika kesho yake asubuhi, Towero, kwenye ardhi ya mama zake. Ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye migomba. Wanaume walizunguka kaburi, na Mzee Yunusi alikuwa amekaa juu ya jiwe, mzee kuliko alivyokuwa Ijumaa. Kibwana alikuwa amejificha nyuma ya watu. Mzee akamwona.

"Mtani," akamwita. "Usimnyime haki yake."

Kibwana akashuka. Mtu mmoja akampa ile kofia ya darizi, iliyokuwa imefuliwa usiku ikakaushwa juu ya moto, akaivaa. Akatembea mle kaburini kifua mbele. Akasimama kama askari wa bendera, akagonga kabari ambayo haikuwapo kwa nyundo ambayo haikuwapo, akatega sikio, akagonga tena. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mdomo, machozi yakiwatiririka, kama inavyopaswa. Akajilaza.

Kutoka chini aliona mbingu nyembamba na vichwa vimeizunguka. Akaona kwamba hapatakuwa tena mahali pengine pa kusema kweli.

"Nilimwambia," alisema. "Nilimwambia kuna ufa. Nilimwambia atakufa. Nikamwambia na mjomba wake, akanipa ndizi. Nikamwambia karani, akamwambia Bwana. Nimemwambia kila mtu!"

Kicheko kilichopanda hapo kilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Wazee walishikana mabega. Walisema kwamba tangu walipoanza kuzika watu Towero hawajaona mtani aliyeijua kazi yake kama yule. Mzee Yunusi peke yake ndiye aliyeinamisha uso katikati ya mikono yake, na mabega yake yalitikisika kama ya wengine, kwa hiyo hakuna aliyejua alikuwa anafanya nini.

Wakamtoa Kibwana kwa kumpa kuku mweupe. Kukataa kungekuwa kumtukana marehemu. Dadi akateremshwa, udongo ukarudishwa, dua ikasomwa.

Kibwana alikwenda nyumbani kwa wafiwa kurudisha kofia, kuku kwapani. Mwaisha alikuwa amekaa chumbani na wanawake, kitambaa kichwani. Sauti yake ndiyo iliyotoka, kupitia kwenye pazia la mkeka.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Wanasema kuna mambo umeyasema kule kaburini. Wamecheka sana. Ni kweli ulimwambia?"

"Ni kweli."

"Uliuona huo ufa lini?"

"Zamani. Mwezi ulikuwa mpya."

Sasa ulikuwa umekwisha kupungua. Ndani ya chumba, mwanamke aliyekuwa akibembeleza mtoto aliacha.

"Ukoo wangu una utani na wako?"

"Hatuna, shemeji."

"Ningekucheka?"

"Usingecheka."

"Kila mchana nilipita kwako kabla sijafika kwake," Mwaisha alisema. Hakupandisha sauti. "Nilisimama. Nilikusalimu. Ukala chakula changu. Ulipanda mpaka huku mlimani, ukaenda mpaka kwa karani. Mimi nilikuwa mbele yako nimeshika sufuria."

Kuku akapapatika kwapani mwa Kibwana, akalia, na mtu mmoja uani, aliyekuwa hajasikia lolote, akacheka na kumpigia kelele kwamba mtani amezidiwa na kitoweo chake mwenyewe.

Aliiweka kofia juu ya kizingiti, akateremka Bigwa. Birika lilikuwa linakoroma. Bwana Zaidi alikuwa ameagiza moto usizimwe, ili gurudumu jipya likifika mashine iwe tayari.